Mwenyekiti wa Paa Moja

Siku ya bajeti, Mwenyekiti wetu wa baraza ya mji alikuwa anafunga mlango mwenyewe, halafu ufunguo anaiweka kwa soksi. Si kwa mfuko. Kwa mfuko aliweka ile mwaka ya kwanza, na diwani mmoja akamkumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka vita, akatoka nayo. Kutoka hapo ikawa ni soksi ya kushoto, na hakuna mtu alikuwa na roho ya kuingiza mkono huko.

Mimi nilikuwa ndani ya hiyo baraza miaka mingi, diwani wa Soko. Usishtuke. Masomo yangu ilifika darasa la sita, na kusema ukweli si mimi nilimaliza darasa la sita, ni darasa ilinimaliza. Nilikuwa na buchari. Siku ya soko nilikuwa napeana supu ya kichwa bure nikidhani ni biashara, kumbe ni kampeni. Watu wakanichagua. Nikajikuta kwa kiti ya mbao, mbele yangu karatasi za Kiingereza, na Mwenyekiti akiniangalia kama mtu ameletewa mbuzi na alikuwa ameagiza ng'ombe.

Sheria yake ilikuwa moja. Pesa ya shule haipigiwi kura. "Kura ni ya kuchagua watu," alikuwa anasema. "Mambo ya watoto, tunaongea mpaka tukubaliane." Hiyo ilikuwa desturi ya wazee wetu tangu zamani, kukaa kwa nyasi mpaka neno iwe moja, na yeye aliitoa huko kwa nyasi akaileta kwa viti za baraza. Kila diwani lazima aseme na mdomo yake mwenyewe "nimekubali," karani anaandika. Mpaka yule wa mwisho aseme, hakuna kutoka. Alikuwa anatuambia tukipiga kura, kilima ikishindwa itaenda nyumbani iseme imeibiwa, na Jumapili ijayo tutakuwa na makanisa mbili.

Bajeti ilikuwa mwezi wa sita. Mtu wa huku chini ya mlima anajua mwezi wa sita ni nini. Jua haijulikani iko wapi. Jumba yetu ilikuwa ya mabati, na ukungu ilikuwa inapita chini ya mlango inakuja kukaa na sisi kama diwani mwingine, tofauti ni kwamba yeye hakuwa anaongea sana. Choo ilikuwa nje, nyuma ya ofisi. Ukitaka kwenda, Mwenyekiti anakuangalia, anagonga meza na kidole.

"Acha kiatu, mheshimiwa."

Unaacha kiatu moja hapo mbele yake, ndiyo anakufungulia. Alikuwa anasema mtu wa kiatu moja hawezi kufika stendi. Ikifika mchana, hiyo meza ni kama duka ya mitumba. Mimi ni mtu wa tumbo kubwa, na hiyo matope ya nyuma ya ofisi, mguu yangu ya kushoto inaijua kuliko inavyojua shamba yangu.

Kabla ya siasa alikuwa mwalimu mkuu, na hakuwahi kuacha. Ukimjibu kwa neno moja, anakataa. "Mheshimiwa wa Soko, 'hapana' si sentensi." Na mimi, mtu mzima wa watoto saba, nasimama naanza upya: "Mwenyekiti, mimi sitaki hiyo." "Hiyo nini?" Jasho inanitoka na baridi yote hiyo.

Kuna siku tulienda kuangalia shule ya msingi karibu na stendi. Mwalimu mkuu wa hapo alikuwa analia juu ya madawati, ati ni ndogo, watoto wakubwa wanakaa magoti imefika kwa kidevu. Diwani mmoja akasema hiyo ni maneno tu. Mwenyekiti akatafuta dawati, akaingia. Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiyo ikakataa. Tukamvuta, dawati ikakuja na yeye. Watoto wakaanza kucheka, wakafukuzwa nje, wakaenda kuchekea kwa dirisha. Mtu akakimbia kuita fundi wa mbao, akarudi akasema fundi ameenda Mweiga kwa matanga, wamemtumia ujumbe. Basi Mwenyekiti, hapo ndani, akaweka mikono juu ya dawati akasema, "Waheshimiwa, naona tuko wote. Mkutano imeanza." Na tukafanya mkutano, sisi tumesimama, yeye ameshikwa na mbao kwa kiuno. Yule aliyesema ni maneno tu alikuwa wa kwanza kukubali madawati mapya. Fundi alipofika na msumeno yake, Mwenyekiti akamwambia, "Ngoja kwanza, bado kuna mambo mengine."

Sasa lazima nikuambie ugonjwa yetu. Tulipata uhuru, tukaambiwa tujenge, tukajenga. Kila kilima ikataka shule yake ya sekondari, hata kama kutoka hii kilima mpaka ile unaweza kuitana na mtu mkasalimiana. Mawe iko kwa mto, mchanga iko, mikono iko. Siku ya kuweka jiwe ya kwanza kuna mbuzi, kuna nyimbo, kuna mgeni wa heshima na koti yake. Kuta zinapanda. Zinafika juu ya madirisha, zinasimama hapo, kwa sababu mabati haitoki kwa mto. Ulikuwa unasimama barabarani unaona shule hapa, shule pale, zote hazina kichwa. Watu wakaanza kupanda malenge ndani. Iko moja ilitoa malenge ikashinda kwa maonyesho ya wakulima kule Nyeri, na hiyo ndiyo cheti ya pekee hiyo shule ilipata.

Mtu mmoja tu alikuwa anasema hii ni wazimu. Mwenyekiti. Kila bajeti, kabla hatujakaa vizuri: "Waheshimiwa, tuunganishe. Kilima mbili, shule moja, paa moja." Akachora kwa ubao. Akaonyesha daraja itakuwa wapi, watoto watapita wapi. Alikuwa na sauti ya kufanya hata mimi nielewe.

Lakini ukimwuliza, "Na ile ya kilima yenu, Mwenyekiti, itaunganishwa na gani?" anaanza kukohoa. Ukungu imeingia kwa kifua. Tuendelee na ajenda.

Hatukuwa tunamlaumu sana, kwa sababu tulijua ile shule ilimshika vipi. Kwetu wanawake wanabeba mzigo mgongoni, na kamba ya ngozi inapita kwa paji ya uso. Mwanaume kuvaa hiyo kamba ni kama kuvaa rinda. Wakati kilima yake ilikuwa inajenga, wamama ndio walikuwa wanatoa mawe kule chini kwa mto, wanapanda nayo ule mteremko wote, na ikafika mahali wakachoka. Wakakaa chini. Wakasema sasa wanaume wajenge na midomo zao. Asubuhi moja Mwenyekiti akateremka kwa mto na koti yake ya baraza, akapiga magoti mbele yao, akasema, "Nipakieni."

Wakacheka mpaka ng'ambo ikasikia. Lakini mama mmoja mzee, kiongozi wa wamama wa kanisa, hakucheka. Alimvalisha kamba kwa uso, akampakia jiwe, akamwambia, "Angalia chini, usiangalie mbele, mbele inachosha." Akapanda. Alianguka mara moja, akaomba apakiwe tena. Jioni alikuwa na alama kwa paji ya uso kama mtu amepigwa na mjeledi, na kilima yote ilikuwa yake. Hakuna mtu alisimama kushindana na yeye kwa kura tena. Wamama walikuwa wanaimba jina yake kwa shamba.

Mimi nafikiri hiyo siku ndiyo alifungiwa mlango. Hii yetu ya soksi ilikuwa mchezo.

Na sisi alitubana bila huruma, usidanganyike. Mwaka moja nilitaka mtaro ya machinjio. Pale soko damu na maji ilikuwa inapita katikati ya wauza mboga, na hao ndio kura zangu. Nikakataa kukubali bajeti ya shule mpaka niwekewe mtaro. Nikakaa ngumu. Wenzangu wote wamekubali, nimebaki peke yangu, kiatu yangu iko kwa meza, na Mwenyekiti ananiangalia tu, hata hana hasira.

"Mheshimiwa wa Soko. Mtoto wa darasa la kwanza anakaa chini kwa simiti mwezi wa sita. Wewe unaniongelesha matumbo ya ng'ombe?"

"Mwenyekiti, watu wangu wataniua."

"Wataniua na mimi siku moja. Sema."

Nikasema. Wauza mboga hawakunisalimia mpaka mvua ya vuli ikaosha hiyo njia. Bibi yangu akaniuliza, "Si ungekataa tu?" Nikamwambia mtu hawezi kukataa na soksi imelowa.

Halafu ikafika ile mwaka. Karani wetu alikuwa mtu wa kutoka upande wa Kakamega, mpole, Kiswahili yake imenyooka, na yeye ndiye alitusomea: pesa ya serikali imepungua, fungu la elimu linatosha paa moja. Si moja na nusu. Shule mbili ndizo zilikuwa tayari, ya kilima ya Mwenyekiti na ya Ng'ambo, zinaangaliana, mto iko katikati. Itakayopata mabati inafungua kidato cha kwanza mwezi wa kwanza. Ile ingine inabaki ya malenge.

Diwani wa Ng'ambo akasimama. Huyu alikuwa dereva wa lori zamani, na sauti alibaki nayo.

"Mwenyekiti, mimi si mtu wa maneno mengi. Leo nataka tu kukurudishia yako. Kilima mbili, shule moja, paa moja. Ni nani alisema?"

Akaonyesha ule ubao na kidole.

"Kwetu tuko karibu na barabara. Lori inafika. Kwenu kuna ule mteremko, na mimi mwenyewe nimeshindwa hapo na gia zote. Watoto wako wavuke, tuwasomeshe pamoja. Daraja umechora wewe mwenyewe kwa ubao, si ndiyo? Mimi nimekubali."

Tukaanza kuzunguka meza. Nimekubali. Nimekubali. Ikafika kwangu. Niliangalia Mwenyekiti nikitafuta kama anataka nikatae, nimsaidie. Hakuniangalia. Nikasema nimekubali, kwa sababu ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Ikazunguka ikarudi mwanzo, akabaki yeye. Ufunguo iko kwa soksi yake, mlango amefunga yeye, na mtu ambaye anatuzuia kwenda nyumbani ni yeye.

Mvua ikaanza juu ya mabati, ile nyembamba isiyoisha. Mtu akaomba kwenda choo, akaacha kiatu, akaenda, akarudi. Mwenyekiti bado hajasema lake. Karani akainama karibu na yeye, lakini hiyo jumba haikuwa na siri.

"Bwana Mwenyekiti, sheria inaruhusu kura. Itisha kura. Utashindwa, lakini utakuwa umesema hapana, na mimi nitaandika hapana yako wazi kabisa. Kesho uwaonyeshe watu wako."

Hapo wote tuliona mlango. Apige kura, ashindwe, aende nyumbani aambie wamama: nilipigana, wakanishinda kwa wingi. Wangemchinjia mbuzi. Hata Diwani wa Ng'ambo akasema, "Piga kura, mzee. Hakuna mtu atakucheka. Sisi tuko na njaa tu."

Mwenyekiti akageuka akaniangalia mimi.

"Mheshimiwa wa Soko. Siku ya mtaro yako, niliitisha kura?"

"Aai, Mwenyekiti, hiyo nilisamehe zamani. Piga tuende."

"Sijakuuliza kama umesamehe."

"Hapana."

"Hapana si sentensi."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. "Hukuitisha kura, Mwenyekiti. Ulinifanya niseme."

Akatikisa kichwa polepole. Alikaa tena hivyo mpaka mlima ikapotea kabisa kwa dirisha. Halafu akamwambia karani, "Andika. Mwenyekiti amekubali paa iende Ng'ambo, na watoto wa kilima yake wavuke." Akatoa ufunguo kwa soksi, akaenda mlangoni, na ufunguo ikakataa kuingia kwa tundu. Alijaribu, ikakataa. Nikamshika mkono, nikamfungulia. Tukatoka kila mtu anatafuta kiatu yake, hakuna aliyefanya mzaha, hata mimi, na unajua mimi.

Habari ilifika kwa kilima yake kabla yake. Si ati walimtukana. Afadhali wangemtukana. Walinyamaza. Kanisani akikaa kwa benchi, benchi inakuwa ndefu. Daraja ikawekwa pale alipochora, watoto wakavuka wakaenda Ng'ambo, wakasoma chini ya paa, na mitihani ya kwanza ilipotoka wengine wakapita vizuri, wamama wakaenda huko wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya furaha, mpaka sisi wa mjini tukasikia. Wakarudi jioni. Walipofika karibu na boma ya Mwenyekiti wakanyamaza, wakapita, wakaanza kuimba tena mbele.

Ile iliyomwumiza zaidi aliniambia mara moja tu. Mwanamke akijaza mtungi wa maji kwa mto, hawezi kuinua mgongoni peke yake. Lazima mwingine amshike, ampakie, ndivyo wanafanyiana tangu wakiwa wasichana. Bibi yake alikuwa anajaza maji, anaangalia huku na huku, na kila mtu ana haraka. Basi Mwenyekiti mwenyewe akawa anateremka kila asubuhi kumpakia bibi yake. Mtu wa heshima hivyo, anasimama kwa mto na wanawake, wanageuza uso.

"Hama," nilimwambia. "Kuja mjini, nikupe chumba nyuma ya buchari."

"Shamba yangu iko huko. Wazazi wangu wamezikwa huko. Nihamie kwa matumbo ya ng'ombe?"

Na kutoka kwa mlango ya nyumba yake, ukifungua tu, ile shule bila kichwa ndiyo unaona kwanza. Hata hangeweza kufungua upande ingine, upande ingine ni mteremko.

Mara ya mwisho tulikaa pamoja, yeye alikuwa ameacha baraza na mimi nilikuwa nimeachwa na baraza. Nilipata kura ambazo naweza kuzijua kwa majina. Nilimpelekea maini, tukakaa ndani, anaongea juu ya magonjwa ya viazi. Bibi yake akaingia.

"Baba, wamama wako hapa."

"Wamama gani?"

"Wote."

Niliangalia kwa dirisha. Walikuwa wamekaa kwa nyasi, viondo mbele yao, na kibuyu cha uji. Kwetu wamama wakikuletea uji ukanywa, umekubali kile wamekuja kuomba, hata kama hawajaomba.

"Waambie nimeenda Mwea."

"Kufanya nini?"

"Kununua mchele."

"Wamekuona kwa dirisha," bibi akasema.

Mwenyekiti akanisogelea, sauti ya chini. "Wanataka kuweka paa. Nimesikia tangu wiki iliyopita. Wanataka niwe mwenyekiti wa harambee. Paa ya nini? Watoto wako Ng'ambo, wanasoma. Wakifungua hii, wanakata ile shule vipande mbili, na zote zinakufa. Miaka yote hii nimenyamaziwa kwa ajili ya hiyo."

"Si uwaambie hivyo tu."

"Nitawaambia hivyo." Akasimama, akavaa koti.

Bibi yake alikuwa bado amesimama mlangoni. Akasema, kama mtu anaongea na ukuta, "Leo asubuhi kwa mto nimepakiwa maji. Walinishika wawili, huku na huku."

Mwenyekiti akakaa chini tena. Halafu akatoka nje, na mimi nyuma yake.

Yule mama mzee aliyempakia jiwe zamani alikuwa bado hai, amepinda kama jembe. Ndiye aliinuka na kibuyu.

"Mwenyekiti wetu," akasema.

Hiyo "wetu" niliona ikimwingia mpaka kwa miguu. Akashika kibuyu na mikono mbili.

"Hii uji ni ya nini, mama?"

"Ni ya kiu."

Wamama wakacheka. Mwenyekiti akaangalia zile kuta, majani imeota juu yake. Akaangalia bibi yake. Alikuwa ameshakaa chini katikati ya wenzake, mmoja anamrekebishia kitambaa ya kichwa. Mwenyekiti akanywa. Mara ya kwanza alikunywa kama mtu anameza dawa. Ya pili alikunywa kama mtu mwenye kiu. Akapanguza mdomo, akakohoa, akasimama wima kama siku za ubao.

"Sasa wamama wangu, mnisikize. Juu ya hiyo shule nitawaambia ukweli, hata kama ni uchungu."

"Tutasikia yote," yule mama mzee akasema. "Lakini kwanza tusaidie kitu kidogo. Mabati tuweke ya geji gani? Vijana wanatuambia thelathini na mbili."

"Thelathini na mbili!" Mwenyekiti akaruka. "Hiyo ni karatasi! Mvua ya mawe moja tu mnaanza upya. Mnaweka ishirini na nane, ile ngumu, na mbao ziwe karibu karibu hivi, na misumari..."

Akasikia maneno yake mwenyewe. Mikono ilikuwa bado hewani, inaonyesha nafasi ya mbao. Na wamama walikuwa wameshaanza kupiga ngemi.